John Snow, daktari aliyekifuata kipindupindu hadi kisimani

Maji ya kisima yakiwa maangavu, baridi na yasiyo na harufu, wengi wetu huyanywa bila wasiwasi. Ndivyo walivyofanya pia wakazi wa mtaa mmoja wa jiji la London mwezi Agosti mwaka 1854. Kisima chao kilisifiwa kuliko visima vingine vya jirani. Ndani ya siku 10 zaidi ya watu 500 wa eneo hilo walikuwa wamekufa kwa kipindupindu.

Katika makala hii tunawaletea maisha ya daktari John Snow, aliyeonyesha kwamba ugonjwa huo ulienezwa na maji, wakati karibu madaktari wote wa enzi yake waliamini kwamba unaletwa na hewa. Alikufa kabla hajasadikiwa. Hata hivyo, kila tunapoambiwa tuchemshe maji au tuchimbe choo mbali na kisima, tunafuata njia ambayo yeye alisaidia kuifungua.

Mtoto wa kibarua

John Snow alizaliwa tarehe 15 Machi 1813 katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto tisa. Baba yake alikuwa kibarua kwenye ghala la makaa ya mawe, na familia iliishi katika mtaa wa watu wa hali ya chini karibu na Mto Ouse. Mto huo ulifurika mara kwa mara na kuingia mitaani, na uchafu wa mji uliishia humo.

Wazazi wake walijinyima wakamsomesha, na mapema kijana alionekana kuwa na kichwa cha hesabu. Alipofika miaka 14 alipelekwa mji wa Newcastle kujifunza kazi kwa tabibu mmoja. Siku hizo utabibu ulifunzwa kama ufundi: kijana alikaa na mwalimu wake miaka kadhaa, akichanganya dawa, akifuatana naye kwa wagonjwa na kujifunza kwa kutazama.

Akiwa huko, mwaka 1831, kipindupindu kiliingia Uingereza kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kimetoka India, kikapita Urusi, kikafika kwa meli bandari ya Sunderland iliyo karibu na Newcastle. Snow alikuwa na miaka 18. Mwalimu wake alimtuma kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa Killingworth kuwahudumia wachimbaji waliokuwa wakiugua kwa wingi.

Aliyoyaona ni yale yale ambayo wahudumu wa afya wanayaona leo: kuharisha maji meupe kama maji ya mchele, kutapika, macho kuzama ndani, ngozi kusinyaa na kugeuka rangi. Mtu aliyeamka mzima aliweza kufa kabla ya jua kuzama. Tiba za wakati ule, kama vile kumtoa mgonjwa damu, ziliwamaliza nguvu hata wale ambao wangeweza kupona.

Baadaye katika maandishi yake Snow alieleza maisha ya chini ya mgodi. Wachimbaji walishuka na chakula chao na kukaa huko saa nyingi. Hapakuwa na choo wala maji ya kunawa, wala mwanga wa kutosha kuona mikono. Walijisaidia huko huko na kula huko huko. Aliona kwamba hapo ndipo ugonjwa ulipopita, kutoka tumbo la mmoja kwenda mdomo wa mwingine. Alipendekeza zamu zifupishwe ziwe za saa nne, ili kila mchimbaji ale nyumbani kwake baada ya kunawa.

Daktari wa dawa ya usingizi

Mwaka 1836 Snow alikwenda London kusomea udaktari, akitembea kwa miguu sehemu kubwa ya safari. Alihitimu akafungua chumba cha matibabu katika eneo la Soho, katikati ya jiji. Hakuoa, hakula nyama kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake alijiepusha na pombe.

Jina lake lilipanda kwa jambo jingine kabisa. Mwaka 1846 ilijulikana kwamba mvuke wa etha unaweza kumlaza mgonjwa asihisi kisu cha upasuaji, na mwaka uliofuata ikaja klorofomu. Madaktari wengi walikisia tu kipimo, na wengine wakawaua wagonjwa wao. Snow alikaa na vifaa vyake akapima ni kiasi gani cha mvuke kinalaza na ni kiasi gani kinaua. Akawa mtaalamu wa kutegemewa kuliko wote, hata mwaka 1853 akaitwa kumpa Malkia Victoria klorofomu alipokuwa akijifungua, na tena mwaka 1857.

Tunalitaja hili kwa sababu linahusika na kipindupindu. Huyu alikuwa mtu anayejua jinsi mvuke unavyosambaa hewani, jinsi unavyopungua nguvu kadiri unavyokwenda mbali, na jinsi unavyoingia mwilini kupitia mapafu. Ndiyo maana hakuridhika na maelezo ya wenzake kuhusu hewa.

Hewa au maji?

Wakati huo wataalamu walisadiki kwamba maradhi ya mlipuko yanatokana na hewa mbaya inayopanda kutoka kwenye uchafu, mizoga na madimbwi. Hata neno malaria ni la Kitaliano, na maana yake ni hewa mbaya. Imani hiyo haikuwa ya kijinga. Mitaa michafu ilinuka, na mitaa michafu ndiyo iliyozika watu wengi.

Mwaka 1848 kipindupindu kilirudi, na mpaka mwisho wa 1849 kilikuwa kimeua zaidi ya watu 50,000 katika England na Wales. Snow alijiuliza swali dogo. Kama ugonjwa huu unaingia kwa hewa, mbona hauanzii mapafuni? Unaanzia tumboni. Basi lazima kinacholeta ugonjwa kimezwe. Na kama mgonjwa anaharisha maji kwa ndoo, basi kinacholeta ugonjwa kimo ndani ya choo chake, na kikifika kwenye maji ya kunywa kitafika kwa mamia ya watu kwa wakati mmoja.

Aliyaandika hayo katika kijitabu mwaka 1849. Wachache walikisoma, na waliokisoma walisema hana ushahidi wa kutosha. Akangoja, akiendelea na kazi yake.

Pampu ya Broad Street

Usiku wa tarehe 31 Agosti 1854 kipindupindu kiliibuka Soho, karibu na nyumbani kwake. Katika siku tatu za kwanza watu 127 walikufa kwenye Broad Street na vichochoro vyake. Wenye uwezo walikimbia. Snow yeye aliingia, akaenda nyumba kwa nyumba akiuliza waliokufa walikuwa wakinywa maji ya wapi.

Karibu wote walikuwa wakiishi jirani na pampu ya kisima cha Broad Street. Lakini kilichompa nguvu zaidi ni wale walioonekana kuivunja hesabu yake.

Jirani kabisa na pampu hiyo palikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna aliyekufa. Alipouliza, aliambiwa kwamba walipewa bia kila siku na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Karibu hapo palikuwa na nyumba ya kuwahifadhi maskini yenye watu 535, wakafa watano tu. Nayo ilikuwa na kisima chake. Upande wa pili, kiwanda cha fataki za bunduki kiliweka mapipa ya maji ya pampu ile kwa ajili ya wafanyakazi, na 18 kati ya watu wapatao 200 walikufa.

Kisha alimkuta mjane mmoja aliyefia Hampstead, mwendo mrefu kutoka Soho, mahali ambapo hapakuwa na mgonjwa mwingine. Mama huyo aliwahi kuishi Broad Street na aliyapenda maji yake kiasi kwamba aliletewa chupa kila siku kwa mkokoteni. Mpwa wake aliyemtembelea alikunywa maji hayo akarudi kwao Islington, naye akafa. Wote wawili hawakuivuta hewa ya Soho hata kidogo. Walishiriki maji yake tu.

Jioni ya tarehe 7 Septemba Snow alikwenda mbele ya kamati ya mtaa akaeleza aliyoyakuta. Wajumbe hawakushawishika sana, lakini walikuwa na hofu, wakakubali. Kesho yake mpini wa pampu uling'olewa.

Wakati huo vifo vilikuwa vimeanza kupungua, kwa kuwa wengi walikuwa wamekufa au wamehama. Kwa hiyo wapo waliosema kung'oa mpini hakukusaidia kitu. Aliyewajibu ni kasisi kijana wa mtaa huo, Henry Whitehead, ambaye mwanzoni alikuwa akimpinga Snow. Aliwajua watu wake kwa majina na akawauliza tena na tena. Akagundua kwamba siku chache kabla ya mlipuko, mtoto mchanga wa nyumba namba 40, iliyo mbele ya pampu, alikuwa ameharisha sana. Mama yake alifua nepi na kumwaga maji katika shimo la majitaka la nyumba hiyo. Walipochimba walikuta shimo limechakaa, na liko chini ya mita moja kutoka ukuta wa kisima. Majitaka yalikuwa yakipenya kwenye udongo hadi kisimani.

Tena, baba wa mtoto huyo aliugua siku ile ile mpini ulipong'olewa. Kama pampu ingeendelea kutumika, uchafu mpya ungeingia kisimani na huenda mlipuko wa pili ungefuata. Watu 616 walikuwa tayari wamekufa.

Kampuni mbili, mto mmoja

Kazi yake kubwa zaidi Snow aliifanya mwaka huo huo upande wa kusini wa Mto Thames. Huko kampuni mbili ziliuza maji kwa mabomba katika mitaa ile ile, mara nyingine nyumba moja kwa kampuni hii na ya jirani kwa kampuni ile. Kampuni ya Southwark and Vauxhall ilivuta maji ya Thames ndani ya jiji, mahali vyoo vya London vilipomwaga. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamisha bomba lake mwaka 1852 hadi juu ya mto, kabla maji hayajafika jijini.

Matajiri na maskini, wazee na watoto, wote walivuta hewa moja na kukaa mtaa mmoja. Kilichowatofautisha kilikuwa maji peke yake, tena bila wengi wao kujua. Wapangaji wengi hawakujua hata jina la kampuni, kwa kuwa mwenye nyumba ndiye aliyelipa. Snow alichukua chupa ya maji kutoka kila nyumba yenye shaka na kuyapima chumvi kwa dawa. Maji yaliyovutwa jijini yalikuwa na chumvi mara nyingi zaidi.

Hesabu yake ya wiki saba za kwanza za mlipuko ilikuwa hivi. Katika nyumba 40,046 za kampuni ya Southwark and Vauxhall walikufa watu 1,263, yaani 315 katika kila nyumba 10,000. Katika nyumba 26,107 za kampuni ya Lambeth walikufa 98, yaani 37 katika kila nyumba 10,000. Waliokunywa maji ya ndani ya jiji walikufa zaidi ya mara nane kuliko jirani zao.

Hawakumwamini

Mwaka 1855 Snow alitoa kitabu chake kwa upya, sasa kikiwa na ramani na hesabu hizo zote. Bodi ya afya ya serikali ilizichunguza habari za Broad Street ikasema haioni sababu ya kuyalaumu maji. Kwa wakubwa, mkosaji aliendelea kuwa hewa. Na pampu ya Broad Street baadaye ilirudishiwa mpini wake.

Mwaka huo huo aliitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikitaka kuvibana viwanda vyenye harufu mbaya, kama vile vya kuchemsha mifupa. Snow alisema kwamba harufu ya viwanda hivyo haileti kipindupindu. Gazeti la madaktari la Lancet lilimshambulia vikali, kana kwamba anatetea uchafu.

Hapa tunapaswa kumpima kwa haki. Kuhusu kipindupindu alikuwa sahihi. Lakini hewa chafu nayo huua, kwa njia yake yenyewe. Inaharibu mapafu, moyo na mishipa ya damu. Jiji hilo hilo la London lilikuja kuliona hilo waziwazi mwezi Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe ulipochanganyika na ukungu na kulifunika kwa siku tano. Maelfu ya watu walikufa. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na pa kupumulia ni wa ukoo huo huo, na wanaouvuta zaidi ni akina mama na watoto wadogo. Kila uchafu una mlango wake wa kuingilia mwilini. Ukikosea mlango, unafunga usiopitiwa na kuacha wazi unaopitiwa.

Mwaka wa uvundo

Juni 1858 joto kali liliipiga London, na Mto Thames, uliokuwa umejaa kinyesi cha watu zaidi ya milioni mbili, ukanuka hata wabunge wakashindwa kukaa katika jengo lao lililo ukingoni. Mwezi huo huo, tarehe 10, Snow alipatwa na kiharusi akiwa mezani akimalizia kitabu chake kuhusu klorofomu. Alifariki tarehe 16 Juni, akiwa na miaka 45. Lancet liliandika mistari michache tu ya tanzia bila kutaja kipindupindu. Lilikuja kulisahihisha hilo mwaka 2013.

Uvundo ule ulifanya kile ambacho hesabu za Snow zilishindwa kufanya. Bunge lilipitisha sheria haraka, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa ya chini ya ardhi iliyoyapeleka majitaka mbali na jiji. Wabunge walitaka kuiondoa harufu. Bila kukusudia, wakakiondoa kinyesi kwenye maji ya kunywa. Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi mara ya mwisho, kikaua zaidi mashariki mwa jiji, sehemu ambayo mfumo mpya ulikuwa haujakamilika. Mtakwimu wa serikali William Farr, aliyekuwa amemtilia shaka Snow, safari hii aliyafuata maji mwenyewe na kukubali.

Kijidudu chenyewe kilikuwa kimeonwa kwa hadubini na Filippo Pacini huko Italia mwaka ule ule wa 1854, lakini hakusikilizwa. Ni Robert Koch wa Ujerumani aliyekithibitisha miaka ya 1883 na 1884.

Kwetu nako

Mambo haya hayakubaki London. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliipiga Unguja, na daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, aliandika kitabu mwaka 1876 kuhusu namna kilivyosafiri Afrika Mashariki kwa njia za misafara na vyombo vya baharini. Mwezi Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika Goma, mahali penye mwamba mgumu wa volkano pasipochimbika choo kwa urahisi. Walichota maji ya Ziwa Kivu, na maelfu kwa maelfu wakafa katika wiki chache. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoa mingi ya Tanzania, na zaidi ya watu 20,000 waliugua. Tofauti ni miaka na majina ya mahali. Njia ni ile ile, kutoka chooni hadi kikombeni.

Ndiyo maana tunasisitiza haya. Kisima kisichimbwe karibu na choo. Kipimo kinachotumika sana ni angalau mita 30, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko. Maji yachemshwe hadi yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti, kisha yawekwe kwenye chombo chenye mfuniko na kuchotwa kwa kata yenye mpini. Mikono inawiwe kwa sabuni, au kwa majivu pale sabuni isipokuwepo, baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto na kabla ya kushika chakula. Kinyesi cha mtoto mchanga nacho kitupwe chooni, kwani Broad Street ilianza na nepi.

Mtu akianza kuharisha maji, anywe maji yenye chumvi ya ORS mara moja na mfululizo, huku akipelekwa kituo cha afya bila kungoja kesho. Kama pakiti hakuna, lita moja ya maji salama ichanganywe na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Kinachoua ni kukaukiwa maji mwilini, na mgonjwa aliyewahiwa mara nyingi hupona.

London leo kuna pampu ya kumbukumbu isiyo na mpini karibu na pale ya zamani iliposimama. Jirani yake kuna baa yenye jina la John Snow, mtu aliyejiepusha na pombe kwa miaka mingi. Maji ya kisima kile yalikuwa matamu na hayakunuka. Kabla ya kuyaamini maji ya kwetu kwa macho na pua, tuulize kwanza choo cha karibu kiko wapi.